Bomba Lisilokuwemo Kwenye Michoro

Rimma Vasilevna alifika Ezerinai enzi za Wasovieti, msichana wa miaka ishirini na ushee, akitokea ng'ambo ya mpaka upande wa Latvia, na cheti cha ufundi wa mitambo ya mvuke kwenye mkoba. Mji wenyewe ulikuwa bado haujawa mji. Palikuwa na misonobari, ziwa, kreni, na tope la kufika magotini. Wasichana walikwenda dansi na mabuti ya mpira, viatu vya visigino wamevibana kwapani, wakifika mlangoni wanabadilisha. Huko kwenye dansi ndiko alikokutana na Genadi, kijana mrefu wa chumba cha kuongozea kinu cha nyuklia, ambaye hakujua kucheza hata kidogo na hakuona haya kumkanyaga mtu.

"Samahani," alimwambia kwa mara ya tatu.

"Ukisema samahani tena, navaa mabuti yangu," Rimma akajibu.

Wakaoana mwaka uliofuata, kwenye kantini ya kituo cha nyuklia, kwa kuwa hapakuwa na ukumbi mwingine wenye meza za kutosha.

Kazi ya Rimma ilikuwa kwenye jumba la mitambo ya kufua umeme. Jumba lile lilikuwa refu kiasi kwamba aliyesimama mwisho mmoja hamtambui aliyeko mwisho wa pili, na mitambo ilinguruma bila kupumzika. Hata ukipigiwa kelele sikioni husikii. Kwa hiyo watu wa pale walizungumza kwa mikono: kiganja chini, punguza, kidole juu, mvuke unapanda, ngumi mbili zinagongana, twende tukale. Rimma na Genadi walizoea hivyo hata nyumbani. Mtoto wao Kirill alijua kugonganisha ngumi kabla hajajua kutamka neno chakula.

Kisha Wasovieti wakaondoka, Lithuania ikawa nchi yake yenyewe, na watu wa Ezerinai, wengi wao wasemaji wa Kirusi, wakajikuta wageni katika vitanda vyao wenyewe. Rimma alijifunza Kilithuania huku anamenya viazi, akafanya mtihani, akafaulu. Kituo kiliendelea kufua umeme, naye aliendelea kuingia zamu.

Kilichokiua kituo si uchakavu. Nchi ilitaka kuingia Umoja wa Ulaya, na Ulaya ikasema vinu vya aina ile, ndugu wa kile kilicholipuka kule Ukraine, lazima vifungwe. Kituo kilikuwa na vinu viwili; cha kwanza kikazimwa. Cha pili kikafuata miaka michache baadaye, jioni ya kuamkia mwaka mpya, na mkuu wa zamu jioni hiyo alikuwa Genadi. Yeye ndiye aliyebonyeza.

Alirudi nyumbani asubuhi. Mezani kulikuwa na saladi ya viazi na samaki wa chumvi waliobaki. Akavua koti, akaketi, akaitazama mikono yake.

"Kimezimika?" Rimma akauliza.

"Kimezimika."

"Ikawaje?"

"Kimya tu. Nilidhani nimeziba masikio."

Rimma akamsogezea sahani. Alijiambia kwamba atalia baadaye, akipata nafasi. Nafasi haikutokea, na baada ya muda akaacha kuitafuta.

Watu wengi mjini walidhani kituo cha nyuklia hufungwa kama duka: unazima taa, unageuza ufunguo, unakwenda zako. Walikuja kujifunza kwamba kukibomoa ni kazi ya umri wa mtu, na kwamba aliyekijenga akiwa kijana anaweza kuzeeka na kuzikwa kabla hakijaisha. Nusu ya vijana wakaenda Ireland na Norway, Kirill akiwamo. Wazee wakaitwa mmoja mmoja, wakashukuriwa, wakapewa saa ya ukutani yenye picha ya kituo, wakastaafishwa. Genadi alipewa ya kwake. Akaitundika juu ya friji, akakaa chini yake.

Rimma alikuwa mdogo kwa mumewe, kwa hiyo yeye alibakizwa. Wakamfundisha kazi mpya: kupima vyuma. Mafundi walikata mitambo vipande vya ukubwa wa sinia, vikapigwa kwa chembe za chuma kwa nguvu ya upepo mpaka ngozi ya juu ikatoka, kisha vikaja kwenye meza yake. Yeye alipitisha kipimo cha mionzi upande mmoja, akageuza, akapitisha upande wa pili. Kipande kikiwa safi, kiliuzwa kama chuma chakavu, kikayeyushwe huko, kiwe nondo au sufuria. Kikiwa bado, alisema "rudi," na kilirudi kupigwa upya. Vilivyokataa kabisa kusafika vilipelekwa kufungiwa kwenye mapipa.

Mkataji mkuu wa vyuma alikuwa Stepan, mtu wa mabega mapana na mdomo usiofungwa.

"Rudi," Rimma alisema.

"Tena? Hiki nimekileta mara ngapi?"

"Rudi, Stepan."

"Mama mkwe wa namna gani huyu!" Stepan akawageukia wenzake. "Kila posa anaikataa! Binti atazeekea nyumbani!"

Wenzake wakacheka. Rimma akavuta kipande kingine. Hakuchukia utani ule, wala haukumfurahisha. Ulipita juu yake kama redio ya jirani.

Siku moja yakaanza kuja mapande ya mtambo wake mwenyewe, ule alioulinda miaka yote ya ujana wake, ambao aliweza kujua afya yake kwa kuweka kiganja tu juu ya bati. Mapanga yake ya chuma, yale yaliyozungushwa na mvuke, yalifika mezani yamelala kwa safu kama samaki sokoni. Stepan safari hii hakutania. Alisimama pembeni na kofia ngumu mkononi.

"Umemtambua?"

"Nimemtambua."

"Unajisikiaje?"

Rimma alisubiri kidogo, kwa haki kabisa, aone kama kuna kitu kitakuja. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unajua ni wako, lakini ukiugusa hauitiki.

"Ni chuma," akasema. "Hiki safi. Lete kingine."

Mafunzo ya kazi ile yalikuja kwa kuumia. Mwanzoni walikata kilichokuwa karibu na mlango, maana ndicho kilichofikika, na haukupita muda vyuma vikajaa kila pembe, pa kuviweka hapana, kazi ikasimama miezi. Wakajifunza kwamba unajenga kabati kwanza, ndipo unatoa vyombo. Halafu kuna lile bomba la Stepan. Michoro ilionyesha ni kavu. Alipolikata, maji yakamrukia kifuani. Wakamvua nguo zote, wakamwogesha kwa saa nzima, wakamnyoa nywele, wakampima, wakamwogesha tena. Hakudhurika. Alirudi kazini kichwa kinang'aa kama bakuli.

"Nimesuguliwa kuliko bibi harusi," alisema. Lakini kabla ya kuwasha gesi ya kukatia aligonga bomba kwa nyundo mara tatu, na wote wakaona. Tangu siku hiyo ikawa sheria: kila bomba limejaa mpaka lithibitike kuwa tupu.

Nyumbani nako Genadi alianza kusahau. Kwanza ilikuwa mambo ya kucheka, birika ndani ya friji, soksi mkononi. Halafu akaanza kuamka alfajiri na kuvaa kwenda zamu. Rimma alimvua koti, akalitundika, akamkalisha. Kesho yake tena vile vile. Daktari wa Vilnius alisema ni ugonjwa wa kusahau, hauna dawa, utazidi. Rimma akasema asante, akauliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi.

Mchana alimwachia jirani yake Nonna Petrovna, mjane wa ghorofa ya chini, mwanamke mnene mwenye huruma nyingi na sauti kubwa.

"Hivi wewe mwanamke huna machozi?" Nonna alimwambia siku moja mlangoni. "Mumeo ameniita mimi Rimma leo. Mimi! Nimelia mpaka nimeunguza uji."

"Uji uko mwingine kabatini," Rimma akasema.

Majira ya vuli mwaka huo kilikuja kisa cha bomba la chini ya kituo. Chini ya jumba la mitambo kulikuwa na vyumba vya zege vya giza, mabomba yamepishana kama mizizi. Mhandisi aliyepewa sehemu hiyo alikuwa Eimantas, Mlithuania wa Kaunas, aliyezaliwa baada ya kituo kuanza kazi. Alikuta bomba lililotoka ukutani, likapinda mara moja, likazama sakafuni. Halikuwemo kwenye michoro yoyote. Ofisini walisema ni la maji ya mvua kutoka paani, likatwe, kazi imechelewa vya kutosha. Eimantas hakuridhika. Akauliza nani alikuwa mkuu wa zamu miaka ile. Mmoja amefariki, mwingine yuko Siberia hajulikani aliko, wa tatu ni Genadi Ilich.

Jumamosi akaja nyumbani kwao na keki mkononi, akavua viatu mlangoni kama mtoto aliyelelewa vyema.

"Bi Rimma, samahani kwa usumbufu. Ningependa kuzungumza na mzee kidogo."

"Zungumza," Rimma akasema. "Atakachokujibu mimi sikijui."

Genadi alimtazama kijana kwa makini, shati lake, mkoba wake.

"Huyu ametoka wizarani," akamnong'oneza mkewe kwa sauti iliyosikika nyumba nzima. "Mpe konyagi, asiandike mabaya."

Eimantas akapewa konyagi. Akamwonyesha mzee picha ya bomba. Genadi akaisifu picha, akauliza kamera ni ya wapi. Basi siku hiyo ikaishia hapo.

Lakini kijana alirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Mara Genadi alimwita Kirill na kumgombeza kwa kutopiga simu. Mara alikataa kusema mpaka aonyeshwe kibali. Rimma aliwamiminia chai, akakaa dirishani anashona vifungo. Aliona kwamba kijana haharakishi, anakula keki, anasubiri, na mzee akilala anaosha vikombe kabla ya kuondoka.

"Acha hivyo vikombe," alimwambia.

"Mama yangu angeniua, shangazi."

Ndipo alipoanza kumwita shangazi, naye hakumkataza.

Jumamosi moja ya theluji ya kwanza Genadi alikuwa anaitazama ile picha kama kawaida. Ghafla akaweka kidole juu yake.

"Hili tuliliweka baridi ile."

Eimantas akaacha kutafuna. "Baridi ipi, Genadi Ilich?"

"Baridi ile. Bomba la nje lilipoganda. Losha aliungua vidole kwa barafu. Tukalipitisha huku, kwa haraka, tukasema tutaliondoa kipupwe kikiisha." Akacheka. "Tutaliondoa!"

"Lilipitisha nini? Maji ya wapi?"

Genadi akamtazama. Kitu kilichokuwa kimewaka usoni pake kilikuwa tayari kimezimika.

"Wewe ni wa wizara?" akauliza.

Kijana aliinuka kuondoka bila kuosha vikombe. Rimma alimfuata hadi kizingitini.

"Losha alikuwepo kweli," akamwambia. "Alikuwa fundi wa mabomba. Alipoteza vidole viwili. Amekufa zamani."

"Na maji?"

"Mimi nilikuwa juu, kwenye mitambo. Ya chini sikuyajua."

Wiki hiyo Eimantas alikuja na ombi. Alitaka kumpeleka mzee kituoni, akasimame mbele ya bomba lenyewe, pengine macho yatakumbuka kilichopotea mdomoni. Kibali alikwisha kukipata. Aliogopa Rimma angekasirika, na alikuwa amejiandaa kubembeleza.

"Saa ngapi?" Rimma akauliza.

Wakamvika Genadi ovaroli nyeupe, viatu vya kazi, kofia ngumu, kipimo kidogo kifuani. Alivaa mwenyewe, haraka, bila kukosea kifungo hata kimoja. Wakaingia jumba la mitambo, Stepan akiwa pamoja nao. Nusu yake ilikuwa tupu kabisa, sakafu imekwanguliwa mpaka zege, na pale mitambo iliposimama pamebaki mashimo yaliyozungushiwa uzio wa njano. Sauti ya hatua zao ilirudi kutoka ukutani.

Genadi akasimama. "Nani amezima mitambo?"

Stepan akatazama chini.

"Wewe, Genadi," Rimma akasema.

"Mimi? Acha utani wako." Akageuka, akanyoosha mkono juu, kidole kimoja: mvuke unapanda. Alikuwa anamtazama yeye tu, na uso wake ulikuwa wa kazini, uso ambao hakuwa ameuona kwa miaka mingi. Rimma akashusha kiganja chini: punguza. Genadi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaanza kutembea.

Alitembea kama mtu anayejua anakokwenda. Wakamfuata, mhandisi, mkataji na mke, na nyuma yao mtu wa usalama na redio yake. Akashuka ngazi za chuma bila kushika reli. Akapita kulia, akainama mahali pa kuinama kabla hata taa haijamulika. Wakafika kwenye lile bomba. Genadi akalipita bila kulitupia jicho. Akaendelea, akapanda ngazi nyingine, akapita korido ndefu, akafika kwenye mlango wa rangi ya kijani, akashika kitasa, akatikisa.

Ilikuwa kantini ya zamani. Sasa ilikuwa stoo ya mapipa.

"Wamefunga," Genadi akasema kwa masikitiko makubwa. "Tumechelewa. Leo ilikuwa supu ya kabichi." Akawageukia, akagonganisha ngumi mbili, kisha akafungua mikono: hakuna.

"Mungu wangu," Stepan akasema taratibu. "Nilikuwa tayari kumfuata mpaka mwisho wa dunia, kumbe tunakwenda kula."

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Wakamrudisha nje, wakampitisha kwenye mashine ya kukagua mwili, wakamvua, wakamwogesha. Kwenye kituo cha basi Rimma alimpa mkate wa kitunguu na nyama ya mafuta aliokuwa amebeba. Akala wote. Theluji ilikuwa inaanguka juu ya kofia yake, naye Rimma aliikung'uta.

Ofisini walisema basi, jaribio limefanyika, mzee hajui kitu, bomba likatwe. Hapo ndipo Eimantas alipokaidi. Alisema bomba lililopitishwa kwa haraka wakati wa baridi kali, na mafundi wa kituo wenyewe, si la maji ya mvua, maana hakuna anayepoteza vidole kwa ajili ya maji ya mvua. Walimwambia anategemea maneno ya mgonjwa. Alijibu kwamba hana mengine ya kutegemea. Mabishano yakachukua wiki kadhaa. Mwishowe wakamruhusu atoboe tundu dogo kwanza, taratibu, chini ya kifuniko, kama bomba lililojaa.

Lilikuwa limejaa. Maji ya kahawia yenye tope, na kipimo kilipolikaribia kilipiga kelele ambayo Rimma aliisikia akiwa mezani kwake ghorofa ya juu. Likanyonywa polepole, likafungiwa, na hakuna tone lililomgusa mtu. Hapakuwa na makofi. Iliandikwa kwenye taarifa kwamba kazi imekwenda salama, na ofisi ikataka kujua itaisha lini.

Jioni Stepan alimngojea Rimma langoni. Alikuwa na chupa ya uyoga wa siki, akamtia mkononi.

"Mpe mzee."

"Hata hakulitazama, Stepan."

"Alisema baridi ile. Mimi ndiye ningelikata." Akataka kuongeza utani, akatafuta, akakosa. "Mpe tu," akasema, akaondoka.

Genadi alikula uyoga ule kwa siku nyingi na kila siku aliuliza umetoka kwa nani.

Alikufa barafu ya ziwa ilipoanza kupasuka, akiwa usingizini, baada ya chai ya mchana. Nonna ndiye aliyegundua, na ndiye aliyelia kwa niaba ya ghorofa zote. Kirill akaja kutoka Norway na mkewe. Wakamzika kwenye makaburi ya msituni, mchanga mtupu chini ya misonobari. Rimma alisimama wima, akapokea mikono ya watu, akahakikisha kila mtu amepata glasi ya konyagi na chapati ndogo za maziwa mezani.

"Lia basi, mwanamke!" Nonna akamnong'oneza jikoni. "Watu watasema umefurahi."

"Waseme."

Kabla usiku haujaingia, Kirill alimfuata kwenye balkoni. "Mama, njoo ukae na sisi Bergen."

"Nikafanye nini?"

"Upumzike."

"Nimepumzika sana, mwanangu. Hata nahisi nimelala." Akamfunga mwanawe skafu shingoni kama wa miaka sita. "Nendeni. Mimi nina zamu Jumatano."

Na Jumatano akaingia. Stepan alimletea kipande cha kwanza, akakiweka mezani kwa upole kama anaweka yai. Rimma akakipima.

"Rudi," akasema.

"Rudi ndiyo," Stepan akajibu, akakichukua bila neno.

Kiangazi walifika wageni kutoka nchi nyingine ya Ulaya, ambayo nayo ilikuwa karibu kuzima kituo chake. Walikuja kujifunza kwa walioanza. Mkurugenzi aliwaonyesha picha ukutani kwa saa mbili, misumeno, mapipa, mahesabu. Kisha wakatembezwa, wakafika kwa Rimma, na mama mmoja mwenye mvi miongoni mwao akauliza kupitia kwa mkalimani: yeye binafsi amejifunza nini?

Rimma hakuwa amejiandaa. Alizima kipimo ili kelele ipungue.

"Waulizeni watu wenu sasa," akasema. "Wakiwa bado kazini, kila mtu na bomba lake. Hata ya kipuuzi waulizeni, nani aliungua vidole na wapi. Sisi tuliwapa saa za ukutani wakaenda nyumbani, halafu tukaanza kuwagongea milango."

Mkalimani akatafsiri. Mama yule hakuandika. Aliuliza jambo jingine, kwa sauti ndogo, na mkalimani akasita kabla ya kulisema: inauma, kuvunja ulichokilinda mwenyewe?

"Sijui," Rimma akasema. "Nilidhani itauma. Bado nangoja."

Eimantas alikuwa amesimama nyuma ya wageni. Walipoondoka, alibaki.

"Shangazi, ulichowaambia wale, sisi wenyewe bado hatujakifanya."

"Najua."

"Wamebaki wengi mjini?"

"Wamebaki wa kutosha. Wengine wanajua majina yao, wengine hawajui."

"Mimi wananifungulia mlango kwa adabu, wananipa chai, hawaniambii kitu. Wewe wangekuambia."

Ilichukua muda kuikubalisha ofisi, lakini vuli ilipofika Rimma aliachishwa meza ya vyuma siku mbili kwa wiki. Akapewa kinasa sauti kidogo, na kazi yake ikawa kuwatembelea wastaafu wa kituo, ghorofa kwa ghorofa, awaulize. Stepan alimwambia sasa amekuwa mpelelezi, asije akamhoji na yeye mambo ya ujanani. Alimjibu kwamba hayo yanajulikana mji mzima.

Mtu wa kwanza Rimma kumwendea alikuwa Kapitolina, aliyeendesha kreni ya jumba la mitambo tangu siku jumba halina paa. Alikuwa amezeeka sana, miguu imevimba, mdomo mzima. Alimkalisha Rimma sebuleni, akaweka mezani jamu ya zabibu za msituni, akaitazama ile mashine ya kunasa sauti.

"Niseme tu?"

"Sema tu."

"Hata yasiyo ya kituo?"

"Huwezi kujua lipi la kituo na lipi si la kituo. Sema yote."

Kapitolina akasema. Alisema mahali kreni ilipokwama na kwa nini, na sanduku la madini ya risasi, la kukingia mionzi, lililozikwa chini ya ukuta wa kaskazini kwa sababu mwenye ufunguo alikuwa amelewa. Alisema mhandisi gani alimpenda na yeye hakumtaka, na yule ambaye yeye alimtaka akaoa mpishi. Giza la vuli likajaa dirishani na taa za barabarani zikawaka. Chai ya Rimma ikapoa ikatengeneza utando. Hakuhisi furaha wala majonzi. Alikuwa anasikiliza, na zilipopita dakika nyingi aligundua kwamba amesogeza kiti chake mbele, magoti yake karibu yanagusana na ya yule bibi.

"Nakuchosha," Kapitolina akasema.

"Hapana," Rimma akasema. "Huyo mpishi, alikuwa nani?"